Jinsi ya kuusoma umri wa kata yako, kutoka sensa hadi sensa

Kwenye kikao kimoja cha kamati ya maendeleo ya kata, mjumbe alisimama na karatasi mkononi akaomba fedha za madawati zipelekwe kwingine, kwa sababu watoto wanapungua. Hakuwa anadanganya. Karatasi yake ilionyesha kuwa mwaka 2012 watoto wa chini ya miaka 15 walikuwa karibu asilimia 44 ya Watanzania wote, na mwaka 2022 wakawa karibu asilimia 43. Wengi tukakubali, mimi nikiwemo. Jioni nikiwa nyumbani nikachukua kalamu. Asilimia 44 ya watu milioni 44.9 ni watoto karibu milioni 20. Asilimia 43 ya watu milioni 61.7 ni watoto zaidi ya milioni 26. Fungu lao limepungua kidogo, wao wenyewe wameongezeka kwa zaidi ya milioni sita. Na dawati hukaliwa na mtoto, halikaliwi na asilimia.

Tangu siku hiyo nimejifunza kuusoma umri wa mahali, yaani watu wake wa kila umri ni wangapi, kabla ya kusema neno lolote juu yao. Nakuandikia hatua ninazozifuata mimi, iwe wewe ni mwalimu, mtendaji, mjumbe wa kamati ya shule au kijana unayetaka tu kuielewa kata yako. Utahitaji daftari la miraba, rula, penseli za rangi mbili na kikokotoo cha simu. Jioni mbili zinatosha.

Hatua ya 1: Jua mipaka kabla ya kuhesabu watu

Fungua ripoti ya sensa ya 2002, utakuta Mkoa wa Mwanza una watu kama milioni 2.9. Fungua ya 2012, utakuta 2,772,509. Asiyejua atadhani kanda ya ziwa ilipatwa na balaa. Kilichotokea ni kwamba mwaka 2012 ulianzishwa Mkoa wa Geita, ukachukua Geita na Nyang'hwale kutoka Mwanza, na Busega, iliyokuwa upande wa Magu, ikaingia Mkoa mpya wa Simiyu. Watu walibaki kwenye nyumba zao; mpaka ndio uliohama.

Kati ya 2012 na 2022 mipaka ya mkoa ilitulia, kwa hiyo 2,772,509 unaweza kuilinganisha na 3,699,872 bila wasiwasi. Kwenye kata mambo ni mengine. Huku Ilemela na Nyamagana, wilaya mbili za mjini Mwanza, kata kadhaa zilizohesabiwa 2012 ziligawanywa baadaye, nyingine zikapewa jina jipya na nyingine zikabaki na jina la zamani juu ya eneo dogo zaidi. Muulize mtendaji kata yako ilizaliwa kutoka kata gani. Kisha jumlisha kata za sasa mpaka upate eneo lile lile la zamani, hapo ndipo ulinganishe. Ukiruka hatua hii, kazi yote inayofuata ni bure.

Hatua ya 2: Tafuta jedwali sahihi

Ofisi ya Taifa ya Takwimu huchapisha matokeo ya sensa, na mengi yako kwenye mtandao. Tanzania Bara na Zanzibar kwa pamoja zimehesabu watu mwaka 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Unalotaka ni jedwali lenye makundi ya miaka mitano mitano (0–4, 5–9, 10–14 na kuendelea hadi 80 na zaidi), wanaume safu yao na wanawake safu yao. Ukikosa la kata, chukua la wilaya au halmashauri.

Jambo moja la kukumbuka: sensa humhesabu mtu pale alipolala usiku wa sensa. Mwaka 2022 ulikuwa usiku wa kuamkia Agosti 23. Sisi wa ziwani tunajua maana yake. Mwezi ulikuwa umebaki kijipande, siku nne tu kabla ya mwezi mpya, yaani giza lilikuwa limeingia, na giza ndio wakati wa kuvua dagaa. Mwanaume mwenye mke na watoto Igombe, kama siku hizo alikuwa kwenye kambi ya uvuvi katika kisiwa cha Ukerewe, alihesabiwa kule kambini. Usishangae basi ukikuta kata ya mjini ina akina mama wengi wa miaka 30 kuliko wanaume, na kata ya visiwani ina wanaume wengi wa umri huo kuliko wanawake.

Hatua ya 3: Ukague umri kabla ya kuuamini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wengi hupita mbio.

Wengi wetu, hasa wazee, hatuna cheti cha kuzaliwa kinachotaja siku. Mtu akiulizwa umri hukimbilia tarakimu iliyo rahisi mdomoni: thelathini, arobaini, arobaini na tano, sitini. Ukichora jedwali la umri wa mwaka mmoja mmoja utaona vichuguu kwenye 30, 40, 50 na 60, na mashimo kwenye 29, 31, 41 na 59. Kiuhalisia hakuna mwaka uliozaa watu wengi hivyo ukafuatiwa na mwaka mkavu.

Kuna kipimo rahisi cha kukagua. Kwenye jedwali hilo la mwaka mmoja mmoja, chukua watu wote wa miaka 23 hadi 62. Hiyo ni miaka 40, na ndani yake umri unaoishia na 0 au 5 ni nane tu: 25, 30, 35, 40, 45, 50, 55 na 60. Nane kati ya arobaini ni moja ya tano. Kwa hiyo kama watu wametaja umri wao wa kweli, wa umri huo watakuwa karibu asilimia 20 ya kundi lote. Ukikuta asilimia 22 au 23, endelea na kazi. Ukikuta 30 au zaidi, jua unashika takwimu zilizokadiriwa, na usijenge hoja juu ya tofauti ndogo kati ya kundi moja na jirani yake.

Kama unaandika rejista ya mtaa wako mwenyewe, unaweza kuuponya ugonjwa huu mlangoni. Nilipokuwa nazunguka na mwenyekiti wa mtaa upande wa Kayenze, tulimkuta mama mmoja mzee anaanua dagaa, kichanja kizima kiking'aa kwa jua la saa nne.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu."

"Tunaandika rejista. Una umri gani, bibi?"

"Andika sitini."

Mwenyekiti akataka kuandika. Nikamwomba asubiri kidogo. "Bibi, wakati wa vita ya Idi Amin ulikuwa umeshaolewa?"

Akaacha kuanua, akacheka. "Nimeolewa nini! Nilikuwa nanyonyesha wa pili, na baba yake alitaka kwenda kupigana."

Vita ya Kagera ilianza mwishoni mwa 1978 na kwisha 1979. Msichana mwenye mtoto wa pili wakati huo, hata kama aliolewa mapema, alikuwa na miaka kama ishirini. Basi bibi huyu alizaliwa karibu na 1958 na si 1965, na ana haki ya kwenda dirisha la wazee tangu zamani, maana Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003 inamtambua mzee kuanzia miaka 60.

Tengeneza kalenda yako ya matukio, ibandike ndani ya jalada la daftari. Uhuru, Desemba 9, 1961. Azimio la Arusha, 1967. Operesheni ya kuhamia vijijini, 1974. Vita ya Kagera. Kuzama kwa MV Bukoba, Mei 21, 1996; hili hakuna mtu wa Mwanza atakayekuambia amelisahau, na kila mmoja anajua siku ile alikuwa darasa la ngapi au mtoto wake alikuwa anatambaa au anatembea. Mvua za El Niño za 1997 na 1998. Kifo cha Mwalimu, Oktoba 14, 1999. Ongeza na yenu ya hapo hapo: mwaka shule ilipofunguliwa, mwaka ziwa lilipofurika hadi kwenye vibanda. Umri unaopatikana hivi ni bora mara kumi kuliko ule wa "andika sitini".

Upande wa pili wa jedwali nako kuna tatizo: watoto wachanga husahaulika. Mama anaulizwa wako wangapi nyumbani anataja wanaotembea, wa mgongoni anapita. Kwa hiyo ukikuta kundi la 0–4 ni dogo kuliko la 5–9, usikimbilie kusema uzazi umeshuka.

Hatua ya 4: Chora

Laza daftari. Chora mstari wima katikati. Kushoto wanaume, kulia wanawake. Chini kabisa weka kundi la 0–4, juu yake 5–9, panda hivyo hadi 80 na zaidi. Geuza kila tarakimu kuwa asilimia ya watu wote wa eneo lako (si ya wanaume peke yao au wanawake peke yao), na uipe nusu asilimia mraba mmoja. Paka rangi.

Umbo litakaloonekana ndilo watu wa takwimu wanaliita piramidi ya umri. Kwa Tanzania nzima kitako ni kipana sana na kilele chembamba, kama kichuguu kilichochongoka. Huko Japani, ambako zaidi ya mtu mmoja kati ya wanne amefikisha miaka 65, kitako ni chembamba na mabega ni mapana. Kata ya mjini hapa Mwanza huwa na tumbo kwenye miaka 20 hadi 34, kwa sababu vijana huja kutafuta kazi na kusoma. Kijiji wanakotoka huwa na kiuno chembamba pale pale. Ukiweka michoro hiyo miwili kando kwa kando unawaona vijana walipotoka na walipokwenda.

Sasa chora piramidi ya sensa iliyotangulia kwenye ukurasa wa jirani, kwa kipimo kile kile.

Hatua ya 5: Lifuate rika, usililinganishe kundi

Hii ndiyo hatua niliyotaka kukuandikia tangu mwanzo. Watu wengi hulinganisha watoto wa 0–4 wa mwaka 2012 na watoto wa 0–4 wa mwaka 2022. Hao ni watu tofauti kabisa. Wa pili walikuwa hawajazaliwa wakati wa kwanza wanahesabiwa. Ukitaka kujua nini kimewapata watu wa kata yako, lifuate rika lenyewe. Aliyekuwa na miaka 0–4 mwaka 2012 ana miaka 10–14 mwaka 2022. Kati ya sensa hizi mbili kila rika limepanda ngazi mbili. Chora mshale kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa pili, kundi kwa kundi.

Rika likishazaliwa hubadilika kwa njia mbili tu: watu hufa, au watu huhama na kuhamia. Hakuna anayezaliwa akiwa na miaka kumi. Ndiyo maana mshale huu unasema mengi.

Nikupe mfano. Tarakimu hizi nimezitunga ili hesabu iwe nyepesi, usizinukuu popote. Tuseme kata ya kisiwani ilikuwa na watoto 1,500 wa 0–4 mwaka 2012, na mwaka 2022 ina watoto 1,400 wa 10–14. Gawa 1,400 kwa 1,500: wamebaki 93 kati ya 100. Hilo linaeleweka. Kata hiyo hiyo ilikuwa na watoto 1,100 wa 10–14 mwaka 2012, na sasa ina vijana 700 tu wa 20–24. Wamebaki 64 kati ya 100. Vifo vya umri huo ni vichache, haviwezi kula theluthi ya rika. Hao wamevuka maji: wako Kirumba na Buhongwa hapa Mwanza mjini, wako Dar es Salaam. Nenda sasa kata ya mjini. Ilikuwa na 800 wa 10–14, sasa ina 1,300 wa 20–24. Kila 100 wamekuwa 162. Rika haliwezi kuongezeka lenyewe. Wanaozidi ni wageni.

Fanya hesabu hii wanaume mbali na wanawake mbali. Mara nyingi utakuta wasichana wanaondoka kijijini mapema zaidi kwenda kufanya kazi za ndani na za biashara ndogo mjini, au wavulana wanapungua kwenye 15–19 kwa sababu wameingia kambi za uvuvi. Ukiwachanganya, mmoja anamficha mwenzake.

Kuhusu vifo, kumbuka ngazi ya chini imebadilika sana ndani ya maisha ya mtu mmoja. Utafiti wa kitaifa wa 1999 ulikuta watoto 147 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Ule wa 2022 ulikuta 43. Chanjo, vyandarua vyenye dawa, dawa za malaria na huduma za kuzuia maambukizi ya VVU kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto vimefanya kazi kubwa hapo. Nimekuwa nikifikiria sana tarakimu hizo mbili. Zina maana kwamba kwenye darasa lolote la leo wamekaa watoto ambao, kwa hali ya zamani, wasingefika shuleni.

Hatua ya 6: Uwiano wa wategemezi, na mipaka yake

Jumlisha walio chini ya 15 na waliofikisha 65 na zaidi. Gawa kwa walio kati ya 15 na 64. Zidisha kwa 100. Kwa Tanzania mwaka 2012 ilikuwa kama 92, na mwaka 2022 kama 87. Yaani kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi wana wengine 87 wa kuwalisha.

Itumie kulinganisha eneo na eneo au sensa na sensa, basi. Kipimo hiki kinamwita bibi wa Kayenze mtegemezi, na wakati ule nilipomkuta alikuwa anaanua dagaa watakaolipa ada ya wajukuu wawili. Kinamwita kijana wa 19 asiye na kazi mlishaji. Ukikisoma kwenye kikao, sema wazi kwamba kinapima umri na hakipimi kazi.

Hatua ya 7: Tazama mbele

Uzazi unashuka polepole. Mwanamke wa Tanzania alitarajiwa kuzaa watoto zaidi ya sita kwa hali ya 1991/92. Kwa hali ya 2022 ni 4.8. Wenzetu ng'ambo ya ziwa, Kenya, walifika 3.4 mwaka 2022. Korea Kusini ilikuwa na watoto kama sita kwa mwanamke mwaka 1960 na mwaka 2023 ikawa 0.72. Lakini usitegemee shule kupungua kwa sababu uzazi umeshuka. Wasichana waliozaliwa kwa wingi miaka 15 iliyopita ndio wanaingia uzazini sasa, na kina mama wengi wanaozaa wachache wachache bado huleta watoto wengi. Kitako cha piramidi huendelea kutanuka kwa tarakimu miaka mingi baada ya kuanza kusinyaa kwa asilimia. Hicho ndicho kilichompotosha yule mjumbe wetu, na nikiri, hata sisi tuliotikisa vichwa.

Kwa mipango ya kata, tenga wale unaoweza kuwaona na wale usioweza. Mtoto atakayeingia kidato cha kwanza mwaka 2032 akiwa na miaka 12 au 13 alikuwa na miaka kati ya miwili na minne usiku wa sensa ya 2022. Yumo kwenye jedwali. Chukua kundi lake, lipunguze au liongeze kwa ule uwiano wa hatua ya 5 wa eneo lako, utapata makadirio ya kuanzia. Lakini mtoto atakayeanza darasa la kwanza mwaka huo huo wa 2032 akiwa na miaka sita amezaliwa karibu na 2026. Sensa haimjui kabisa.

Huyo mtafute zahanati. Kila kituo kina rejista ya chanjo ya watoto. Omba idadi ya waliopata chanjo ya kwanza ya surua, ile ya miezi tisa, kwa kila mwaka, miaka mitano nyuma. Ya miezi tisa ni bora kuliko ya kuzaliwa, kwa sababu kina mama wengi huja mjini kujifungulia kisha hurudi kwao. Aliyebaki hadi miezi tisa ana uwezekano mkubwa wa kuwa mtoto wa hapo. Nenda saa za mchana, kliniki ikishapungua watu, umkute nesi amekaa. Mwonyeshe piramidi yako. Mwambie unataka kujua ngazi ya chini kabisa imefika wapi tangu sensa, na umwombe idadi tu, bila jina la mtoto hata mmoja. Andika kila mwaka kwenye mstari wake chini ya mchoro, kwa penseli, maana mwaka kesho utarudi.